Oili ya Kwanza

Watu wa mitambo ya maji walimwita Geji, na jina hilo lilimganda hata baada ya kustaafu. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya pampu na kusoma mishale ya geji: joto la injini, nguvu ya oili, saa ambazo mtambo umefanya kazi. Alichokisoma alikiandika. Mtu wa namna hiyo hanunui gari kama wanavyonunua wenzake. Alipolipata la kwake, jipya, la kwanza maishani, akiwa na miaka sitini na miwili, hakulizungusha mtaani kuwatambia majirani. Alikaa ndani yake uani, mlango wazi, mguu mmoja nje, akasoma kitabu chake jalada hadi jalada, pamoja na kurasa nne za kiti cha mtoto mchanga, ilhali mtoto wao wa mwisho alikuwa ameshaota mvi.

Kitabu kilisema oili ya kwanza imwagwe gari likifika kilomita elfu moja. Geji hakuhitaji kuelezwa sababu. Injini mpya ina vyuma ambavyo bado havijazoeana. Vinasuguana, vinamenyana, na unga wake wote unaingia kwenye oili. Oili hiyo ikikaa kupita kiasi inaanza kuila injini iliyotakiwa kuilinda. Alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale mtaani, na alikuwa amelijua kwa njia ambayo hakuwahi kumsimulia mtu, hata mkewe.

Gari lilikuwa limetembea kilomita mia tatu themanini na nane siku simu ilipolia. Mpigaji alikuwa binti wa kaka yake.

"Shikamoo, baba mdogo. Baba hali yake si nzuri. Moyo umechoka, miguu imejaa maji. Daktari ametuambia tukae naye nyumbani tu."

"Pole, mwanangu. Anakula?"

"Anaonja. Anakuulizia wewe. Kila siku anauliza kama umepiga simu."

"Nakuja. Nikishamwaga oili tu."

"Ukishafanya nini?"

"Gari ni jipya, mama. Linataka oili yake ya kwanza kabla ya safari ndefu."

"Sawa, baba mdogo," binti alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupewa majibu ya aina hiyo na watu wazima.

Basi hesabu ilikuwa hivi. Kwa kaka yake ni kilomita mia nne na sabini. Akiondoka leo, ile elfu moja ingemkuta akiwa njiani kurudi, mahali ambapo hakuna fundi wala kivuli. Na gereji ya kampuni ilikuwa na masharti yake: chini ya mia tisa hawamwagi, ikizidi elfu moja na mia moja hawagongi muhuri, na bila muhuri waranti ya miaka mitatu imekufa. Mtu mwingine angepiga simu, angeuliza, angelia shida kidogo, angesaidiwa. Geji aliamua kulifikisha gari kwenye mia tisa hapohapo mjini.

Kila siku baada ya chai alitoka. Alishika barabara ya mzunguko, akapita uwanja wa mpira, hospitali, kiwanda cha sabuni, akarudi kwenye uwanja wa mpira. Polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, kama kitabu kilivyoagiza. Kilomita hamsini na kitu kwa siku. Mwanzoni mkewe alidhani ni furaha ya kitu kipya, akamwacha afurahi. Ukweli ni kwamba kaka yake amelala kitandani anahesabu pumzi, na yeye yuko barabarani anahesabu kilomita za kwenda mahali ambapo ndipo alipotoka. Hapo ndipo unapotamani kumshika bega na kumtikisa.

Siku ya nane mkewe alimngoja mezani. Huyu mama alikuwa amefundisha darasa la kwanza maisha yake yote, na hesabu za kutoa alizijua vizuri.

"Baba, hebu nisaidie hesabu."

"Ipi?"

"Siku ya simu gari lilisoma mia tatu themanini na nane. Ulisema mwenyewe, nikaandika kwenye kalenda. Leo linasoma ngapi?"

"Mia nane hamsini."

"Toa."

Geji alitoa kimoyomoyo. "Mia nne sitini na mbili."

"Na kwa shemeji ni ngapi?"

Geji alikuwa ameshaona anakopelekwa.

"Mia nne sabini," mkewe alimjibia. "Umebakiza kilomita nane, baba. Saa hizi ungekuwa unaliona paa la nyumba yake. Badala yake umeuzunguka uwanja wa mpira mpaka walinzi wanadhani umeukosa mlango."

"Keshokutwa gereji wananipokea. Naondoka siku hiyohiyo."

"Mimi habari za oili sikuulizi. Nakuuliza unaogopa nini."

Geji alichukua kitambaa, akaenda kufuta kioo cha gari ambacho hakikuwa na vumbi.

Alichokiogopa kilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Wakati huo ndugu hawa wawili walifanya kazi pamoja kwenye jumba la pampu. Kaka ndiye aliyemtafutia mdogo wake kazi, na ndiye aliyemfundisha: namna ya kuisikiliza injini kwa kuweka bisibisi kwenye sikio, namna ya kuisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada ili kusikia kama ina chembe za chuma. Walipokezana zamu, kaka asubuhi, Geji mchana. Na walikuwa na desturi yao, iliyokatazwa na kanuni zote za kazi. Mmoja akipatwa na dharura kabla ya kumaliza kazi iliyopangwa, anatia sahihi kwenye daftari kana kwamba imefanyika, kisha anaiweka spana juu ya kifuniko cha pipa la oili. Maana yake: nimeshasaini, nimalizie. Mwenzake akimaliza, anaitundika spana kwenye msumari wake ukutani. Walifanya hivyo kwa miaka na miaka, na hakuna siku kazi iliyolala.

Halafu ikaletwa injini mpya ya pampu namba tatu. Oili yake ya kwanza ilitakiwa kumwagwa ikitimiza saa hamsini. Siku ilipotimiza, kaka aliletewa habari kazini kwamba binti yake ameanguka shuleni, mkono umevunjika. Alisaini, akaiweka spana kwenye kifuniko, akaenda mbio.

Geji aliingia zamu, akaiona. Lakini mkaguzi alikuwa anapita mchana ule, na spana iliyotupwa juu ya pipa huzaa maswali. Akaitundika msumarini, ikae hapo mpaka mkaguzi aondoke. Mkaguzi akakaa, akanywa chai, akasimulia habari za shamba lake. Alipoondoka, bomba la nje likapasuka, na Geji akapigana nalo matopeni mpaka jua linazama. Alirudi nyumbani amelowa chapachapa. Oili ilikuwa imemtoka kichwani kabisa.

Kesho yake asubuhi kaka alikuta spana iko msumarini. Roho ikamtulia, akawasha pampu.

Injini ilinoki, vyuma vikashikana, ikiwa na saa tisini na moja. Mji ulikaa siku sita bila maji. Kikaitwa kikao: watu watano nyuma ya meza ndefu, na daftari la zamu limefunuliwa mbele yao. Walimuuliza Geji, "Ulipoingia zamu siku ile, ulikuta nini?"

"Nilikuta sahihi ya kaka yangu."

Ilikuwa kweli. Ukitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kumzika ndugu yake kwa neno la kweli, ndiyo hiyo. Kuhusu spana hakuna aliyeuliza, na yeye hakusema. Kaka alikuwa amekaa kwenye kiti kando ya ukuta anaangalia mikono yake, naye hakusema. Mwenyekiti akafunga daftari. Wiki hiyohiyo kaka akamwaga unga, akahama na familia yake kwenda kutengeneza cherehani za watu, na mwaka uliofuata Geji akafanywa mkuu wa zamu. Tangu hapo walikutana mara mbili tu, kwenye mazishi ya mama yao na kwenye harusi ya yule binti, wakasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki.

Siku ya gereji ilikuwa Jumamosi. Gari lilisoma mia tisa na kumi na moja. Geji alifika mlango ukifunguliwa, kitabu kwapani.

"Mzee, samahani sana," karani wa mapokezi alimwambia. "Mtambo wa kunyanyulia magari umekufa tangu jana. Rudi Jumatatu. Ila katikati hapa usiliendeshe mno, usije ukapitisha kilomita."

"Hakuna neno," Geji alisema. "Jumatatu."

Na moyoni alifurahi. Siku mbili nzima za kutokwenda, tena kwa kosa la watu wengine. Ile furaha ilimpanda kifuani, akaitambua. Ilikuwa ndiyo ileile aliyoisikia siku mwenyekiti wa kikao alipofunga daftari bila kuuliza swali jingine. Miaka kumi na tisa, na ilikuwa haijabadilika hata kidogo. Aliona aibu ambayo hajapata kuiona, akashika ukingo wa kaunta.

"Uko salama, mzee?"

"Niuzie oili lita nne," Geji alisema. "Na filta yake."

"Ukamwage mwenyewe? Bila muhuri wetu waranti inakufa, nakuambia mapema usije ukanilaumu."

"Umeniambia. Asante."

Alimpigia mkewe simu akiwa bado amesimama kwenye maegesho, akamwambia anakwenda, ila atarudi nyumbani kwanza kuchukua nguo.

"Usirudi," mkewe alisema. "Begi lako liko nyuma ya kiti tangu juzi. Endesha taratibu."

Aligeuka akatazama. Kweli lilikuwepo, na sweta juu yake. Siku mbili alikuwa analizungusha mjini na begi ndani bila kuliona, yeye ambaye sifa yake yote ilikuwa kuona.

Aliendesha. Mji ukaisha, yakaja mashamba, yakaja mashamba mengine. Elfu moja ilipotimia kwenye dashibodi, alikuwa anapanda kilima nyuma ya lori la mbao. Alikuwa ameisubiri namba ile kwa majuma, na sasa ilipita huku akiwa na shughuli ya kutafuta nafasi ya kulipita lori. Injini haikulalamika. Aliyelalamika alikuwa yeye, kwa sababu maneno aliyokuwa anayapanga kichwani tangu asubuhi yalikuwa yanafutika kila akikata kona. Mara mbili aliegesha pembeni. Mara zote mbili aliwasha tena gari akasonga mbele.

Alifika alasiri. Nyumba ilikuwa ndogo, ya matofali, yenye baraza la saruji, na barazani kaka yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono, mito miwili mgongoni, miguu juu ya stuli. Mwili uliokuwa ukinyanyua pampu ulikuwa umebaki mabega tu. Binti alitoka ndani akampokea begi kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto, tangu siku ile ya shuleni, haukunyooka tena sawasawa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Kaka hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa gari. "Usizime kwanza. Acha niisikie."

Geji, aliyekuwa ameshazima, alirudi akawasha. Kaka alisikiliza, macho amefumba.

"Kilomita ngapi?"

"Elfu moja mia tatu themanini na moja."

"Oili ya kwanza umemwaga?"

"Bado."

Kaka alifumbua macho, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wewe?" alisema. "Wewe, Geji?" Alivuta pumzi mara mbili tatu, kisha akamwita binti yake alete sanduku la spana na karai kuukuu.

"Baba, baba mdogo ametoka safari ndefu. Ale kwanza."

"Atakula. Oili imwagwe ingali na moto."

Hivyo ndivyo Geji alivyojikuta amelala chali juu ya gunia, na miaka yake sitini na miwili, kichwa chini ya gari lake jipya. Kaka alimwongoza kutoka barazani. Zuia matairi ya nyuma kwa matofali. Usiifungue nati yote kwa pupa, itakumwagikia usoni. Alikuwa anakatika pumzi kila baada ya maneno manne, lakini sauti ilikuwa ileile ya jumba la pampu. Nati ikaachia, oili ikaanza kutiririka kwenye karai, nyeusi kuliko inavyotakiwa.

Pale chini hakuna aliyeuona uso wake. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwa yamekwisha, likabaki moja.

"Kaka. Spana niliiona."

Alisikia oili inavyodondoka. Alisikia binti anavuta ndoo mahali fulani nyuma ya nyumba.

"Ilikuwa juu ya kifuniko," aliendelea. "Mkaguzi alikuwa anapita, nikaitundika. Nilisema nitafanya akiondoka. Nikasahau. Kazi haikufanyika, na spana nilikuwa nimeitundika."

"Najua."

"Pale kikaoni..."

"Najua," kaka alisema. "Nilipoikuta msumarini nilijua umemaliza. Injini iliponoki nikajua hukumaliza. Hayo hayakuhitaji kikao."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, wangetufukuza wote wawili. Sahihi ya uongo ilikuwa yangu. Mama alikuwa anakula kwa mishahara yetu miwili. Nikaona ubaki mmoja."

Geji alilia pale chini, kimya, machozi yakimwingia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali. Kulia kwake kulimuuma kuliko alivyodhani. Alikuwa amekuja na kosa moja, akakuta deni la namna nyingine kabisa.

"Mimi hilo halikuniumiza," kaka alisema baada ya muda. "Kazi ni kazi, hata cherehani ni mashine. Kilichoniumiza ni kwamba hukuja. Nilisema mwaka huu atakuja. Nikasema mwakani. Nikaja nikadhani labda hukuiona kweli, labda mimi ndiye niliyechanganyikiwa siku ile kwa ajili ya mtoto. Mtu anafika mahali anajitilia shaka mwenyewe."

"Nisamehe, kaka."

"Nilishakusamehe zamani. Nilikuwa nangoja tu uniambie." Akakohoa. "Sasa toka huko, uniletee hiyo oili niishike."

Geji alijifuta kwa mkono wa shati, akajipaka uso wote oili, akatoka. Binti alipomwona alitaka kucheka, kisha akaona macho yake, akarudi ndani. Geji alichovya vidole kwenye karai, akaenda akapiga magoti mbele ya kiti. Kaka aliisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, polepole, akaugeuza mkono kwenye jua. Chembe za chuma zilimeta.

"Zipo," alisema. "Lakini ni laini. Injini nzima hii. Hujachelewa sana."

Walimaliza pamoja. Geji alifunga filta mpya, akakaza nati, akamimina oili. Kaka alimwamuru awashe, azime, asubiri, apime kwa kijiti, apime tena. Hapo ndipo alipoomba kitabu cha gari. Kwenye ukurasa wa huduma ya kwanza palikuwa na kisanduku cha muhuri wa gereji. Kaka alishika kalamu kwa vidole vyenye oili na kuandika humo sahihi yake, ndefu, ya kutetemeka, na alama ya kidole gumba ikabaki pembeni.

"Safari hii nasaini baada ya kazi," alisema, akacheka kidogo mpaka pumzi ikamkataza.

Geji alikuwa ameiacha spana juu ya ukuta wa baraza. Kaka aliionyesha kwa kidevu.

"Hiyo usiiache hapo. Itundike."

Palikuwa na msumari kwenye nguzo, uliokuwa ukitundikiwa kofia. Geji aliondoa kofia, akaitundika spana.

Alikaa siku nane. Walizungumza kidogo, kwa sababu kaka hakuwa na pumzi ya kupoteza, lakini asubuhi Geji alimtoa barazani na jioni alimrudisha, na alimnyoa ndevu mara mbili. Baada ya wiki tano binti alipiga simu nyingine. Safari hiyo Geji hakutaja oili wala kilomita. Yeye na mkewe walikuwa njiani kabla saa haijapita.

Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walipopungua, binti alikuwa anakusanya vitu vya baba yake barazani: mito, stuli, kikombe chake cha dawa. Alifika kwenye nguzo, akainua mkono wake wa kushoto mpaka unapofikia, akaigusa spana.

"Baba alikataza isitolewe," alisema. "Nilitaka kuirudisha kwenye sanduku akanifokea, na nguvu zenyewe hana. Kofia yake akasema nitafute pengine pa kuiweka. Hakuniambia kwa nini. Sasa niitoe, baba mdogo, au uichukue wewe?"

"Iache, mwanangu," Geji alisema. "Ikiwa msumarini, maana yake kazi imekwisha."